Gari Jipya Tumeliona, Dereva Yuko Wapi?



Kuna picha mnaijua wote. Gari jeupe jipya, mstari mwekundu ubavuni, viti bado vina nailoni. Mbele yake utepe. Pembeni mheshimiwa na mkasi, nyuma yake kina mama wa kata wamepangwa kwenye jua tangu saa mbili asubuhi. King'ora kinapigwa mara mbili tatu watoto wafurahi, makofi, vigelegele, na kabla vumbi halijatulia picha zimeshaingia kwenye magrupu: "Serikali sikivu yaleta gari la wagonjwa." Kesho yake gari linaegeshwa chini ya mti pale kituo cha afya. Hadithi yao inaishia hapo.

Mimi nataka tuanzie hapo walipoishia wao. Hivi ni nani analiendesha lile gari saa nane usiku, mvua inanyesha, mama ana uchungu wa siku mbili, na hospitali ya rufaa iko Musoma? Amefundishwa wapi? Ana leseni gani? Akilala, nani anashika usukani? Na lile jekundu la zimamoto, lenye tani kadhaa za maji mgongoni, nani amemfundisha dereva wake kulishusha kwenye miteremko ya Tarime bila kulilaza kwenye mtaro?

Hakuna anayeuliza, kwa sababu dereva hakatiwi utepe.

Nasoma sheria, kwa hiyo mniruhusu nifanye kile tunachofundishwa kila siku: kusoma maandishi yenyewe, tuachane na hotuba.

SHERIA INASEMA NINI, NA INANYAMAZA WAPI

Udereva Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Leseni zina madaraja. A ni pikipiki, D ni magari madogo ya kawaida, C na ndugu zake ni magari ya abiria, E ni magari makubwa. Huwezi kulala ukaamka na E. Unaanza na D, unakaa nayo miaka isiyopungua mitatu, unapita kozi ya magari makubwa kwenye chuo kinachotambuliwa, unapimwa na trafiki, halafu TRA wanakuchapishia kadi. Tangu 2019 kadi hiyo ni shilingi 70,000 na inakaa miaka mitano. Zamani ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Gari kubwa si baiskeli.

Sasa tafuta kwenye madaraja hayo leseni ya dereva wa dharura. Tafuta A mpaka G. Haipo. Aliyebeba mahindi kwenye Fuso kutoka Sirari kwenda Mwanza na anayeendesha gari la zimamoto kwenda kwenye bweni linaloungua, kadi zao zinafanana herufi kwa herufi. Sheria hiyohiyo inampa dereva wa zimamoto, wa gari la wagonjwa na wa polisi nafasi ya kupita pale sisi tunaposimama, na inatutaka sisi tumpishe. Yaani tumempa haki ya kuvunja utaratibu wa barabara, lakini hatujadai aoneshe popote kwamba anajua kuuvunja bila kuua mtu.

Msidhani nakuza mambo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Gari lenye tangi la lita 5,000 limebeba tani tano zinazotembea. Ukikata kona, maji yanakwenda upande mwingine na kulivuta gari. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa pomoni, kwa sababu maji yana nafasi ya kukimbia. Ukiongeza mwendo kutoka 40 hadi 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauwi mara mbili, unakuwa kama mara nne. Hayo ni kwenye lami kavu. Wewe chukua barabara ya changarawe baada ya mvua ya mchana, ng'ombe wanarudi nyumbani, bodaboda wamebeba mishikaki.

Gari la wagonjwa nalo lina elimu yake. Nyuma kuna mtu amelala na dripu, pembeni nesi amesimama ameshika chupa. Dereva akikanyaga breki kama anaendesha noah, nesi anarushwa na dripu inachomoka. Kuna mgonjwa anayehitaji kasi na kuna mgonjwa anayehitaji utulivu, na dereva lazima ajue tofauti. Hilo hulipati kwenye kozi ya kubeba shehena.

Uingereza, ambako tulirithi sehemu kubwa ya sheria zetu, gari la wagonjwa likizidi tani tatu na nusu dereva anahitaji daraja la juu zaidi la leseni, na juu ya leseni hiyo anapewa mafunzo maalumu ya kuendesha kwa king'ora kabla hajaachiwa barabara. Tulirithi mpaka mavazi ya mahakamani. Hili la maana tukaliacha bandarini.

TANGAZO LA KAZI LINALOJISEMEA LENYEWE

Kama mnadhani pengo hilo linazibwa kwenye ajira, fungueni tangazo lolote la "Dereva Daraja la II" kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Mengi mnayajua kwa kichwa kwa sababu mmeyaomba. Awe na cheti cha kidato cha nne. Awe na leseni ya daraja E au C ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Awe na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali.

Kisha soma majukumu. Kukagua gari kabla na baada ya safari. Kuwapeleka watumishi kwenye safari za kikazi. Kufanya matengenezo madogo madogo. Kukusanya na kusambaza nyaraka. Kujaza daftari la safari. Kufanya usafi wa gari. Na kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake.

Mgonjwa yuko wapi hapo? Yuko kwenye "kazi nyingine atakazopangiwa." Maisha ya mama wa Nyamongo na mtoto wa Machochwe yamewekwa kwenye kifungu cha mwisho, baada ya kuosha gari.

Kwa sababu kada ni moja, dereva anahamishwa kama kiti. Leo anampeleka afisa kwenye semina, kesho yuko kwenye gari la wagonjwa, keshokutwa yuko Dodoma na msafara. Sisemi madereva wa halmashauri ni wabaya. Wengi wao ni mashujaa ambao hakuna aliyewapa hata siku moja ya mafunzo ya kazi hii, wanaendesha usiku kucha kwa posho inayochelewa, na wakipata ajali wao ndio wanaosimama kizimbani. Aliyewapanga bila kuwafundisha hasimami nao.

HESABU YA SAA

Twende kwenye hesabu, maana wenzetu wa chama kile wanapenda kusema wapinzani hatuna hoja.

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Gawanya 168 kwa 45. Unapata tatu na pointi saba. Gari moja linalotakiwa kuwa tayari usiku na mchana linahitaji madereva wanne. Hata ukitumia ovataimu yote inayoruhusiwa, saa 50 kwa kila wiki nne, bado unahitaji watatu kwa kila gari, na hapo hakuna aliyeumwa wala kwenda likizo.

Sasa nenda kituo cha afya cha kata yako kahesabu madereva. Kama yupo mmoja, maana yake ni moja kati ya mbili: ama halmashauri inavunja sheria ya kazi kila wiki, ama gari linafanya kazi robo ya wiki na muda uliobaki ni pambo.

Mimi hesabu hii sikuijifunza darasani. Mke wa binamu yangu, huku kwetu Serengeti, alishikwa na uchungu usiku. Kituo cha afya, jina nalihifadhi, kilikuwa na gari, na gari lilikuwa zima, lina mafuta. Dereva alikuwa mmoja, na jioni ile alikuwa ametumwa na gari jingine. Binamu akamfuata kijana wa bodaboda. Mama amekaa katikati, mumewe nyuma amemshikilia, mvua, giza, njia ya mawe. Mama alipona. Mtoto hakupona. Kwenye taarifa ya robo mwaka, kituo kile kinahesabika kuwa "kina huduma ya gari la wagonjwa." Kwenye karatasi tumeshahudumiwa.

Niwe mkweli: mfumo wa m-mama, ile namba 115 ya bure uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umesaidia. Mama au mtoto mchanga akipata dharura unapiga, kituo kinatafuta gari la Serikali, likikosekana anatafutwa dereva wa jamii mwenye gari lake na analipwa. Ni jambo jema na tulisifie. Lakini tulisome vizuri. Serikali yenyewe imekiri, kwa vitendo, kwamba magari yake na madereva wake hawatoshi, ikaenda kumwomba dereva wa teksi. Na dereva huyo wa teksi naye nani amemfundisha?

KIJANA WA TARIME NA NGAZI ISIYO NA VIDATO VYA CHINI

Tugeukie kwetu sisi vijana, maana hili ni suala la uhai na ni suala la ajira pia. Fikiria kijana wa Nyamwaga au wa Nata. Ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne. Anaambiwa: chukua D. Sawa. Subiri miaka mitatu. Sasa ana 21. Anaambiwa: nenda kozi ya magari makubwa. Iko wapi? VETA Musoma ndiyo ya mkoa. Akitaka majina makubwa ya fani hii ni VETA Kihonda kule Morogoro, au NIT pale Mabibo, Dar es Salaam. Nauli, ada, chumba, chakula. Baba anauza ng'ombe, kama ng'ombe wapo. Kijana anarudi na E. Anaambiwa: tunataka uzoefu wa mwaka mmoja. Uzoefu wa lori bila kuajiriwa kwenye lori! Anakwenda kuwa tandiboi, analala chini ya semi pale Sirari akisubiri foleni ya mpaka, dereva mkubwa akichoka ndipo anapewa usukani usiku. Huo ndio "uzoefu" tunaoudai kwenye tovuti ya Serikali. Tumeukabidhi uchochoro kazi ya chuo.

Na ukitaka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, matangazo yao yanaweka ukomo wa umri kwenye miaka ya ishirini. Piga hesabu mwenyewe. Anayefuata sheria hatua kwa hatua anafika mlangoni mlango unafungwa. Anayefika mapema ni yule aliyeruka ngazi, aliyenunua leseni ya mezani. Halafu tunashangaa kwa nini mwaka 2023 trafiki walilazimika kuhakiki leseni za madaraja C na E nchi nzima. Ukiweka njia halali ikawa ndefu na ya gharama, na njia ya panya ikawa fupi na ya bei nafuu, watu watapita wapi?

Na kwa dada zangu ni mara mbili. Tangazo linasema "wanawake wanahimizwa kuomba." Ahsante. Lakini uzoefu unapatikana kwa utandiboi, na hakuna mzazi wa Kikurya wala wa Kingoreme atakayemruhusu binti yake alale barabarani na lori wiki tatu, na hata akiruhusu, sisi wenyewe tunajua kinachotungoja huko. Kwa hiyo mlango uko wazi ila ngazi ya kuufikia imejengwa kwa wanaume peke yao. Kisheria huo ni ubaguzi hata kama hakuna aliyeandika neno "mwanaume" kwenye tangazo.

"HAKUNA BAJETI"

Jibu la kwanza mtakalopewa ni kwamba hakuna bajeti. Jamani, tusidanganyane, hasa Tarime.

Mgodi wa North Mara, pale Nyamongo, unachimba dhahabu tangu 2002. Umebadilisha majina ya wenyewe mpaka wazee wamechoka kuyakariri: Afrika Mashariki, Placer Dome, Barrick, African Barrick, Acacia, tena Barrick, na sasa Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Halmashauri inapata ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Juu yake kuna fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii, ambazo tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017 mgodi unalazimika kuzipangia mpango na kukubaliana na halmashauri. Serengeti nako kuna hifadhi ambayo dunia nzima inapanda ndege kuja kuiona. Wenye maduka ya Sirari, gesti za Mugumu na vituo vya mafuta vya Tarime mjini wanalipa tozo za ukaguzi wa zimamoto. Fedha ya moto tunalipa hata moto usipowaka.

Ndani ya uzio wa mgodi mkubwa, timu ya uokoaji haikosi. Watu wamefundishwa, wana zamu, magari yanawashwa na kukaguliwa. Ni sharti la usalama wa kazi. Nje ya uzio, mita chache tu, mwanakijiji yuleyule ambaye ardhi yake imetoa dhahabu anambeba mgonjwa kwa bodaboda. Kwa hiyo ujuzi upo wilayani, fedha ipo wilayani. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka anayeona aibu.

Jibu la pili: "Mbona 2015 mpaka 2020 mlikuwa nazo nyie?" Swali halali, tulijibu kiume na kike. Kweli, 2015 wananchi walitupa majimbo yote mawili ya Tarime na jimbo la Serengeti. Lakini nani anatunga kanuni za leseni? Waziri. Nani anatoa kibali cha kuajiri dereva? Utumishi, Dodoma. Nani anamteua mkurugenzi wa halmashauri? Rais. Zimamoto iko chini ya nani? Ilikuwa ya halmashauri, Sheria Namba 14 ya 2007 ikaipeleka Wizara ya Mambo ya Ndani. Diwani wa upinzani alikuwa na sauti kwenye kikao na hakuwa na kalamu ya kusaini. Vuka mpaka hapo Isebania: Katiba ya Kenya ya 2010 imeandika kwamba zimamoto na magari ya wagonjwa ni kazi ya kaunti, na gavana anayechaguliwa na watu wa Migori ndiye anayebanwa. Sisemi Kenya ni peponi, wanalalamika kila siku. Nasema wanajua wa kumlalamikia. Sisi tukilalamika Tarime tunaambiwa Musoma, Musoma wanasema Dodoma, Dodoma wanasema mchakato unaendelea. Ndiyo maana wimbo wetu wa Katiba Mpya si wimbo wa wanasheria mjini. Unaanzia kwenye gari lililoegeshwa chini ya mti.

WANASUBIRI MAITI KWANZA

Nchi hii ina tabia ya kumtambua mwokoaji baada ya msiba. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba, watu 19 wakafariki. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja, Jackson Majaliwa, akawa shujaa wa taifa, na Serikali ikamwajiri kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, tena sana. Lakini jiulize: ina maana kijana wa kanda ya ziwa mwenye nguvu, anayelijua ziwa kama kiganja chake, hakuwa na njia ya kuingia kwenye uokoaji mpaka ndege ianguke mbele ya macho yake?

Mwaka mmoja kabla yake, Julai 2021, Soko la Kariakoo liliungua usiku, katikati ya Dar es Salaam, jiji lenye karibu kila kitu. Kama Kariakoo iliungua hivyo, soko la Sirari lina nini cha kulikinga? Na Tarime haihitaji kufundishwa uchungu wa barabara. Tulimzika mbunge wetu, Chacha Wangwe, aliyefia kwenye ajali ya gari mkoani Dodoma Julai 2008. Wengine wamezika ndugu kwenye kilomita 87 za Tarime mpaka Mugumu, barabara ambayo lami yake imezinduliwa midomoni mara nyingi kuliko ilivyomwagwa chini.

TUNADAI NINI

Msituambie tunalalamika tu. Hoja zetu ni tano, na mbili za kwanza hazihitaji hata sheria mpya.

Moja. Waziri atumie mamlaka yake ya kutunga kanuni aweke idhini maalumu ya dereva wa dharura juu ya leseni ya D, C au E: mafunzo ya king'ora, kuendesha usiku, gari lenye tangi la maji, huduma ya kwanza, na mtihani wa vitendo. Madereva waliopo wafundishwe kwanza, kwa gharama ya mwajiri, bila kufukuzwa hata mmoja.

Mbili. Utumishi waitenge kada ya dereva wa dharura na ile ya dereva wa ofisi. Na hakuna gari kukabidhiwa kituo bila majina ya madereva wasiopungua watatu. Hakuna madereva, hakuna utepe.

Tatu. Mafunzo yaje Mara. VETA Musoma ipewe gari la mafunzo na walimu, na halmashauri za Tarime na Serengeti zilipie vijana wawili kila kata, mmoja wao awe msichana. Tarime waanze na fedha za mgodi. Mafunzo hayo yahesabike kama uzoefu, tuachane na utandiboi wa chini ya semi.

Nne. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, ikubali kukopesha mafunzo ya udereva wa magari makubwa. Leseni ya E ni mtaji kama cherehani. Kijana anakopeshwa bodaboda, inayomvunja mguu, kwa nini asikopeshwe leseni?

Tano. Ukomo wa umri wa Jeshi la Zimamoto kwa madereva uendane na miaka ambayo sheria yenyewe inamlazimisha kijana kusubiri.

KAZI YA WIKI HII

Kulaika na kutoa maoni haitoshi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inakuruhusu wewe raia kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri, naye anatakiwa akujibu ndani ya siku 30. Huhitaji wakili. Karatasi moja, kalamu, jina lako, anwani, tarehe, na maswali manne:

Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yaliyopo wilayani ni mangapi, na mangapi yanatembea leo?

Kila gari lina madereva wangapi, wenye leseni za daraja gani?

Wangapi wamepata mafunzo ya uendeshaji wa dharura, lini, chuo gani?

Kwenye bajeti ya mwaka huu na kwenye mpango wa fedha za mgodi, mafunzo hayo yametengewa kiasi gani?

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Akikataa kupokea, andika jina la ofisi, siku na saa. Wa Tarime, makamanda wa Mjini na Vijijini mgawane halmashauri mbili. Wa Serengeti, Mugumu ndiko kwenye mkurugenzi wenu. Halafu maswali hayohayo yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Kama haujakaa, hilo nalo liandikwe. Simama, uliza kwa heshima, kaa chini, subiri jibu. Usitukane mtu. Mwenye karatasi yenye muhuri hana haja ya matusi.

Na ukimkuta dereva wa gari la wagonjwa amekaa peke yake chini ya ule mti, msalimie. Muulize amelala saa ngapi. Huyo si adui yetu, ni mwenzetu aliyetupiwa maisha ya kata nzima na ufunguo mmoja. Haki tunayomdai ndiyo haki tunayomdai mama aliyeko nyuma ya gari lake.

Kila watakapokuja tena na mkasi, sisi tuwe na swali moja tu, la sauti kubwa, kabla utepe haujakatwa: dereva yuko wapi?

Hakuna kulala mpaka kieleweke.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya sheria na mwanachama wa baraza la vijana, mzaliwa wa Serengeti.